Kimya cha Mpiga Ngoma

Kikohozi hakina adabu. Mtu aweza kukimeza, akakibana kwa leso, akajifanya anasafisha koo tu, lakini kikitaka kutoka hutoka, tena pale pale penye watu. Wahenga walipoyafananisha mapenzi na maradhi hayo madogo walijua wanachokisema. Mwenye kubisha na asikilize habari za mama mmoja aliyekibana chake kwa miaka thelathini na ushei, akidhani hakuna anayemsikia.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani mstaafu, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Aliishi ghorofa ya tatu pamoja na binti yake wa pekee, mhakiki wa muziki katika gazeti la kila Jumamosi. Wasomaji walimbandika binti huyo jina la Nyundo, kwa kuwa rekodi aliyoigonga haikuinuka tena. Waliomwogopa zaidi ni wapiga ngoma. Mwimbaji aliweza kusamehewa sauti ya kukwaruza, mpiga gitaa akasamehewa majivuno, lakini mpiga ngoma hakuambulia msamaha hata siku moja. Hakuna aliyejua sababu, maana Nyundo hakuwahi kumwambia mtu kwamba baba yake ni Radi.

Radi lilikuwa jina la jukwaani la mpiga ngoma wa bendi moja ya roki iliyotikisa kumbi enzi zake, wanaume wanne wenye nywele ndefu na suruali za kubana. Aliondoka na wenzake kwenda ziara ya nchi za mbali binti yake akiwa bado ananyonya, na hakurudi tena kuishi na mkewe. Kwa Nyundo, baba alikuwa sauti ya simu ya Jumapili. Sauti hiyo ilimuuliza habari za kazi, ikamtania kidogo, na kabla ya kuaga haikukosa kuuliza, "Mama yako hajambo?" Naye mama, aliyekaa hapo hapo kando akijitia kutunga uzi kwenye sindano, hakukosa kuuliza simu ikishakatwa, "Nani huyo?" Jumapili hakuna mwingine aliyekuwa akipiga simu nyumba ile, na mama alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Muziki wa roki ulipigwa marufuku nyumbani. Mama aliuita makelele ya watu wanaoangusha masufuria kwenye ngazi. Kwa hiyo Nyundo alisikilizia kazi zake kwenye hedifoni, na mama akajidai hajui binti yake anakula kwa kazi gani.

Basi wiki moja mhariri alimkabidhi rekodi ya tamasha la mwisho la bendi ile kabla ya ziara, iliyokuwa imetolewa upya. Ilikuwa rekodi mashuhuri kwa sababu ya jambo moja. Katika wimbo wa mwisho, Radi anapiga ngoma peke yake, mapigo yanapanda mpaka ukumbi unapagawa, halafu ghafla anaacha. Ukumbi mzima unanyamaza. Msikilizaji hudhani kanda imekatika. Kisha linakuja pigo moja zito, na bendi yote inarudi kwa kishindo. Mashabiki walikiita Kimya, wakakichapisha hata kwenye fulana. Kila Radi alipoulizwa redioni kwa nini aliacha kupiga, jibu lake lilikuwa lile lile: "Nilikuwa namtafuta mtu. Hakuwepo." Watu waliona hayo ni maneno ya kisanii. Nyundo aliyaona maringo.

Mhariri alipousoma uhakiki, alimwita mezani kwake.

"Dada, hii bendi ilikuwa na watu wangapi?"

"Wanne."

"Mbona mimi nawaona watatu? Umemsifu mwimbaji, umemgonga mpiga gitaa, mpaka mpiga besi umemsemea mema, na wapiga besi hata mama zao huwasahau. Ngoma ziko wapi?"

"Sikuona la kusema."

"Wewe? Ukose la kusema juu ya ngoma?" Mhariri alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kimya chenyewe hujakigusa. Utasimuliaje harusi umsahau bibi harusi? Kasikilize tena. Kesho mchana niletee uhakiki mzima, la sivyo nampa mwandishi wa michezo atuhesabie mabao."

Nyundo alitoka amenuna, maana alikuwa ameguswa penye donda. Ukweli ni kwamba aliandika juu ya ngoma, akaandika sana, kisha akafuta yote. Kila alipojaribu kumhakiki Radi, maneno yalimtoka kama ya mtoto anayelilia kubebwa. Alimtamani baba yake. Alitamani kuamka asubuhi amkute anagonga meza kwa vijiko, na yeye amwambie aache kelele, kama watu wengine wanavyowaambia baba zao.

Jioni, waya wa hedifoni ulikatika mkononi mwake. Mama alikuwa jikoni akikoroga supu ya viazi.

"Mama, samahani. Leo itabidi nitumie spika. Ni kazi."

"Kazi gani ya kuangusha masufuria? Ngoja nitoke, nikakae kwa jirani." Alivua aproni, akaitazama supu iliyokuwa inaanza kuwa nzito, akaivaa tena. "Nikiiacha itaungua. Haya, weka makelele yako, lakini chinichini."

Nyundo aliweka rekodi, akakaa mezani na kalamu yake, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Nyimbo zikapita. Mama alikuwa amempa mgongo. Radi alipoanza kupiga peke yake, Nyundo aliinua macho, akaona ajabu. Mwiko ulikuwa hauzunguki tena kama mwiko wa mtu anayekoroga supu. Ulikuwa unafuata ngoma.

Kikaja Kimya. Mwiko ukasimama hewani, matone yakidondoka sakafuni. Nyundo alikuwa ameisikiliza rekodi ile wiki nzima na bado hakujua pigo lingerudi lini. Mama alijua. Mwiko ulishuka ukingoni mwa sufuria sawia na pigo la Radi, wala haukutangulia wala haukuchelewa.

Nyundo akazima muziki. "Mama, umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Pigo lile. Hulijui mpaka uwe umeisikia rekodi hii mara nyingi. Au uwe ulikuwepo siku ile."

"Mwiko umeniponyoka tu."

"Mwiko hauponyoki kwa mdundo, mama."

Mama alizima jiko, akavuta kiti, akakaa. Aliutazama mwiko kana kwamba ndio uliomsaliti.

"Usiku wa kuamkia tamasha tuligombana," alisema hatimaye. "Nilimwambia, ukienda na ngoma zako usirudi. Akanijibu, 'Njoo kesho ukumbini. Nikikuona, nitajua ulisema kwa hasira tu, nami nitashuka jukwaani nirudi nyumbani, ziara waende wao. Nisipokuona, nitajua ulikusudia.'"

"Ukaenda?"

"Nilienda. Nilichelewa, maana wewe ulikuwa unalia tangu jioni. Nikasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Mara akaacha kupiga, akainua uso, akatazama watu wote mpaka macho yake yakafika nilipo. Alinitazama, mwanangu. Kisha akapiga. Mimi nikarudi nyumbani mbio, nikapika, nikamngoja. Asubuhi nasikia wameshaondoka. Aliniona kwa macho yake na bado akaenda. Mtu kama huyo umwambie nini?"

"Hukumpungia mkono?"

"Mkono upi? Wewe nilikuwa nimekufunga kifuani, na kwa mikono yote miwili nimekuziba masikio. Zile spika zingekutoboa."

Nyundo alikumbuka fulana za mashabiki na jibu lile la redioni alilolidharau tangu utotoni. Mama hakuwahi kulisikia, kwa sababu bendi ikitajwa tu alikuwa wa kwanza kuzima redio.

"Mama, hakukuona."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe, kila mwaka, redioni. Wanamuuliza kwa nini alinyamaza, anasema, 'Nilikuwa namtafuta mtu. Hakuwepo.' Taa za jukwaani humpiga mpigaji machoni, haoni hata safu ya pili. Hakukuona."

"Hakuniona?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, na binti yake hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo kabla ya siku hiyo. Alijifuta macho kwa upindo wa aproni. "Vitunguu hivi," alisema, ingawa vitunguu vilikuwa vimeiva zamani.

"Mama, naomba niiandike."

"Thubutu! Mambo yangu ya ndani watu waje kufungia karanga? Ukiandika, nitakukana mchana kweupe!" Akaingia chumbani, akabamiza mlango.

Nyundo alibaki na karatasi tupu. Akiandika atamvunjia mama heshima yake. Asipoandika, Jumapili baba atauliza tena kama mama hajambo, na Jumapili itakayofuata vile vile, mpaka mmoja wao asiwepo wa kuuliza au wa kuulizwa. Alikuwa ameshaweka kalamu chini mlango ulipofunguka kidogo.

"Nilikuwa upande wa kushoto," ilisema sauti ya mama. "Kushoto kwake yeye, si kwa watu."

"Sawa, mama."

Mlango ukafungwa, ukafunguka tena.

"Na gauni lilikuwa la kijani. Usije ukaandika uongo, watu wakanicheka."

Kesho yake mhariri alisoma uhakiki hadi mwisho, akavua miwani, akairudisha, na hakugusa hata nukta. Jumamosi ukatoka. Ulimaliza hivi: "Miaka yote tumekisifu Kimya hiki kama kazi ya usanii, kumbe tulikuwa tunamsikiliza mwanamume anayemtafuta mkewe. Mkewe alikuwepo, mwisho wa ukumbi, kushoto kwake, amevaa gauni la kijani. Hakuweza kupunga mkono kwa sababu alikuwa ameniziba masikio."

Jumapili simu ililia. Nyundo aliipokea, akasikia pumzi tu. Hakuulizwa habari za kazi. Hakuulizwa kama mama hajambo. Akaongeza sauti ya simu, akailaza mezani mbele ya mama, aliyekuwa akiitunga sindano ile ile tangu asubuhi. Kimya kikatanda upande huu na upande ule. Mama aliitazama simu. Kisha akachukua mkasi wake wa kazi na kugonga meza kwa mpini, pigo moja tu.

Upande wa pili mtu mzima aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio.

"Gauni la kijani," ilisema sauti.

"La kijani," mama akajibu. "Na nilisema kwa hasira tu."

"Basi nashuka jukwaani, mke wangu. Kama chakula bado kipo."

"Kimepoa. Utakipasha mwenyewe."

Simu ilipokatwa, Nyundo aliegemea kiti, akauliza kwa upole wa kichokozi, "Nani huyo, mama?"

"Hebu ninyamazie," alisema mama, akakimbilia chumbani. Nyundo alisikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni. Alipochungulia, alimkuta mama amesimama mbele ya kioo na gauni la kijani mwilini, nalo limemkaa sawasawa. Mishono ya ubavuni ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya, uzi huu mpya kidogo kuliko ule, mwaka baada ya mwaka, kadiri mwenyewe alivyonenepa. Aliyekuwa akijifanya hamjui Radi alikuwa akilipanua gauni lile muda wote huo ili siku mumewe akija lisimbane. Hapo Nyundo hakuhitaji ushahidi mwingine: mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.