Kadi ya Mwalimu Saru

Kukata kadi si kukata deni. Ndivyo Mzee Mwachofi alivyomwambia yule kijana Mwangeka asubuhi ya leo pale ukumbini, nanyi mkatazamana na kucheka. Kijana amebadilisha namba ya simu, amehamia Taveta, akadhani amemalizana na mama wa mtoto wake. Mzee akamjibu kwa maneno hayo machache, akaketi. Sasa mmekuja kuniuliza ni kadi gani hiyo, ya harusi au ya kliniki. Sogezeni viti. Neno hili halikutoka kwa wahenga wa kale. Lilitoka kwa mtu niliyetumia naye meza moja katika chumba cha walimu, na lilianza kama hivi.

Mwalimu Saru alikuja shuleni kwetu Voi kwa uhamisho kutoka Mwatate. Alifundisha jiografia. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, na wasichana walimpenda kwa sababu hakuwahi kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Mumewe, Kilambo, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi mnayoyaona mtaani ni kazi yake. Mama yake Saru, Bibi Mkawasi, alikuwa kule juu Wundanyi akilima kabichi. Saru ndiye mtoto wa pekee aliyemsalia.

Wakati huo benki moja ilikuwa imewapa walimu kadi za mkopo. Ukinunua kitu kwa kadi ile, benki ililipa kwanza, nawe ukailipa baadaye. Na kila uliponunua, benki ilikurudishia kiasi kidogo. Saru alikiita chenji. "Leo benki imenipa chenji," alizoea kusema akiweka mfuko wa unga mezani, na sisi tukacheka naye.

Lakini chenji ilimfundisha tabia mbaya. Alianza kununua vitu ambavyo hakuvihitaji, kwa kuwa vilikuwa na chenji ndani yake. Mwisho wa mwezi alilipa sehemu tu ya deni, na sehemu iliyobaki ikazaa riba. Kilambo hakupenda. Baba yake aliwahi kupoteza shamba kwa sababu ya mkopo, naye alikua akiishi kwa watu. Neno deni lilimkosesha usingizi mtu yule. Waligombana juu ya kadi hiyo mpaka siku nyingine walikula bila kusemezana.

Basi Jumapili moja, baada ya kanisa, Saru alimwita mumewe sebuleni. Alikuwa amekopa kidogo kwangu, akaongeza kwenye mshahara wake, akalipa kiasi chote kilichoandikwa kwenye taarifa ya mwezi. Akachukua mkasi wake wa kushonea, akaikata kadi vipande vinne mbele ya macho ya Kilambo.

"Nimemaliza," alimwambia. "Hutaisikia tena."

Kilambo aliviokota vile vipande, akavitia jikoni kwenye makaa. Saru aliniambia kwamba siku hiyo mumewe alichinja kuku kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nami nilipowatembelea juma lile niliona nyumba iliyopona.

Mwaka ukapita, na zaidi. Saru alinilipa changu chote. Wakajenga jiko jipya. Jioni Kilambo aliketi mbele ya televisheni akitazama habari, Saru akisahihisha daftari. Simu ya Saru iliibwa sokoni, akanunua laini nyingine. Hakuna aliyeona lolote baya katika hayo.

Kisha mvua za vuli zikaanza, na Bibi Mkawasi akateleza kwenye mtaro wa shamba lake. Jirani zake walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani. Alipofikishwa hospitali huku Voi, picha ikaonyesha kwamba nyonga imevunjika.

Nilikuwapo daktari alipozungumza na Saru. Alisema mama anahitaji upasuaji awekewe chuma, na kwamba mtu wa umri ule hafai kulazwa chali muda mrefu, mapafu huharibika. Bima ingelipa sehemu. Chuma chenyewe ilibidi familia inunue.

"Nitakopa kwenye chama chetu cha akiba," Saru alisema. "Sina mkopo hata mmoja. Watanipa upesi."

Alienda kesho yake mimi nikiwa mdhamini wake. Karani wa chama alitazama kompyuta yake, akatazama tena, kisha akatuomba tuingie chumba cha ndani. Hakutaka wengine wasikie.

"Mwalimu," alisema, "jina lako limo kwenye orodha ya watu wasiolipa madeni. Benki ya ile kadi imekuandikisha. Hatuwezi kukupa kitu mpaka ujisafishe huko."

"Kadi gani?" Saru aliuliza. "Niliikata."

Tuliondoka hapo kwa miguu hadi benki. Njiani alikuwa ananieleza kwamba ni makosa ya kompyuta, kwamba yatarekebishwa kabla ya chakula cha mchana. Alitembea haraka. Nilimwamini.

Aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi. Rukia. Alizungumza taratibu, wala hakutudharau, na pengine ndiyo maana maneno yake yaliumiza zaidi.

"Ulilipa kiasi kilichokuwa kwenye taarifa, ni kweli," alimwambia Saru. "Lakini taarifa ilihesabu riba mpaka siku ilipotolewa. Wewe ulilipa siku kadhaa baadaye. Riba ya siku zile za katikati ilibaki."

"Ilikuwa kiasi gani?"

"Kidogo sana. Nauli ya kwenda Mwatate na kurudi. Lakini haikulipwa, ikatozwa faini ya kuchelewa. Kisha ada ya mwaka ikaingia. Na kila mwezi kuna malipo ya king'amuzi cha televisheni."

 Baadaye ndipo nilipoelewa. King'amuzi kile alikiunganisha na kadi zamani, kijilipie chenyewe, naye akasahau. Picha zilipoendelea kuonekana, yeye alidhani Kilambo analipa kwa simu, na Kilambo alidhani analipa yeye. Jioni zote zile za habari, kadi iliyoungua jikoni ndiyo iliyokuwa ikilipa.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Taarifa zilikwenda kwenye sanduku la posta la shule yako ya Mwatate. Namba yako ya simu haikupatikana."

"Lakini niliikata, mama. Niliikata kwa mkasi. Mume wangu aliona."

Bi. Rukia aliweka kalamu chini. "Ulikata kadi, Mwalimu. Deni hukulikata. Akaunti haifungwi mpaka uje hapa uombe kwa maandishi ifungwe. Ungeuliza jumla ya siku ileile, pamoja na riba iliyokuwa bado haijaandikwa. Ungekitoa king'amuzi kwanza. Kisha ungengoja barua yetu ya kusema hudaiwi chochote."

Alitazama tena kioo cha kompyuta yake, akasita. Nadhani alijiuliza kama aseme au aache.

"Ulikuwa pia na fedha zako za kurudishiwa, ambazo hukuwahi kuzichukua. Siku ile ungeziomba, zingelipa ile riba na nyingine kubaki. Malipo yalipochelewa, zilifutwa."

Saru aliangusha kichwa mezani pale mbele ya watu, kilio kikamtoka bila sauti. Nilimshika bega. Watu waliokuwa kwenye foleni walitazama pembeni.

Nyumbani kulikuwa na fedha kidogo, zile za Kilambo za kununulia vyuma vya kazi. Hazikutosha kulipia chuma cha nyonga, lakini zilitosha deni. Saru aliona njia moja tu: deni lilipwe, jina lisafishwe, chama kitoe mkopo. Ilibidi amweleze mumewe. Aliniomba niende naye.

Kilambo alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni na aproni yake ya kazi. Hakupandisha sauti.

"Ulikata mbele yangu," alisema.

"Nilidhani imekwisha, mume wangu. Naapa nilidhani imekwisha."

"Na hii televisheni?"

"Nilidhani unalipa wewe."

 "Mwaka mzima nimelala nikijua nyumba hii haidaiwi. Kumbe ulinikatia plastiki."

"Shemeji," nikasema, "hakukudanganya. Hakujua."

"Pengine," alinijibu. Akaingia ndani, akatoa zile fedha, akaziweka juu ya kiti. Kwa mkono hakumpa.

Deni likalipwa siku hiyohiyo. Safari hii Saru alifanya yote kama alivyoelezwa. Aliuliza jumla mpaka saa ile. King'amuzi kilitolewa. Aliandika ombi la kufunga akaunti, akagongewa muhuri kwenye nakala yake, akauliza barua itatoka lini.

"Barua ni wiki hii," Bi. Rukia alisema. "Jina kutoka kwenye orodha huchukua muda. Hilo halimo mikononi mwangu."

"Mama yangu amelala na nyonga iliyovunjika."

"Nimekusikia, mwanangu. Nitapiga simu."

Naamini alipiga. Lakini siku zilipita. Bibi Mkawasi alilala chali na mguu umefungiwa uzito, akitazama dari. Tulichanga shuleni, tukachanga kanisani, na ninyi mnajua michango ya miezi ya karo ilivyo. Haikufika hata nusu. Kila jioni Saru alimlisha mama yake uji, na kila jioni mama alimuuliza swali lilelile.

"Chuma kimepatikana?"

"Bado kidogo, mama."

"Usijisumbue sana. Kabichi zangu umeziangalia?"

Hakumwambia ni kwa nini. Alisema ataeleza mama akishasimama, wacheke pamoja. Nafikiri hakuwa na nguvu za kusema.

Jina lilipotoka kwenye orodha, chama kilitoa mkopo siku ya pili yake. Saru alifika hospitali na fedha kamili mkononi. Daktari alimtoa nje ya wodi. Mama alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu. Asingeweza kulazwa usingizi wa upasuaji, asingeamka.

"Tumngoje apate nafuu," daktari alisema, lakini hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

Nafuu haikuja. Bibi Mkawasi alikufa siku ya soko, mchana, Saru akiwa amekwenda kumchotea maji. Mkopo wa chuma ukanunua jeneza.

Tulimzika Wundanyi, ukungu umeshuka hata wa nyuma hawakuliona kaburi. Mchungaji alimwita binti wa marehemu aseme neno. Tulitarajia atasimulia maisha ya mama yake, kama ilivyo desturi. Saru alisimama, akashika ukingo wa leso yake. Kilambo alikuwa upande wa pili wa kaburi, pamoja na wanaume.

"Sina mengi," alisema. "Nilidhani jambo likiondoka machoni limekwisha. Nilimwambia mume wangu limekwisha, na haikuwa kweli, ingawa sikujua. Mama yangu amelipa. Ninyi mliokuja kunizikia, nawaomba mnisikie. Kukata kadi si kukata deni."

Akaketi. Wengi hawakujua anazungumzia nini. Wengine walidhani huzuni imemshinda. Lakini Mzee Mwachofi alikuwapo, na nilimwona akiyarudia maneno yale midomoni, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Nilijaribu kuwapatanisha. Nilimweleza Kilambo mambo ya riba, ya ada, ya king'amuzi, jambo moja baada ya jingine. Alinisikiliza kwa adabu. "Nimeelewa, Mwalimu," aliniambia. "Ninajua hakunidanganya. Lakini kila akiniambia kitu, hata kwamba chai iko tayari, naona ule mkasi." Hawakuachana. Wanakaa nyumba moja mpaka leo, wanasalimiana asubuhi, na ukiwatembelea utaondoka mapema.

Neno la Saru ndilo lililotembea. Mzee Mwachofi alilitumia kwanza kwa ndugu wawili waliogawana shamba na kuacha kusalimiana bila kusameheana. Kisha likashika. Siku hizi analisema hata mtu asiyejua kadi ya benki ikoje. Aliyehama kijiji kukwepa jirani aliyemkosea huambiwa hivyo. Aliyechoma picha za mtu aliyemtendea ubaya huambiwa hivyo. Leo ameambiwa Mwangeka.

Saru bado yuko. Amestaafu, anakaa kule mbele ya kituo cha maji. Mwaka jana tulikuwa sokoni pamoja, muuza nyanya mmoja akamwambia mwenzake neno lile, wakacheka kama mlivyocheka ninyi leo. Saru alikuwa akichagua nyanya. Mkono ulisimama kidogo, kisha akaendelea kuchagua. Hakuwaambia ni lake. Tulipofika mbali alinishika mkono, akasema, "Wao wanalisema kwa urahisi."

Sasa mmelijua. Mkilisema, lisemeni polepole. Unaweza kuchoma kile kinachoonekana, ukabadilisha namba, ukahama mji, ukala kuku na mwenzako siku hiyo mkiamini mmemaliza. Kile ambacho hukukaa nacho mpaka kikafika mwisho wake kinabaki mahali, kinakua, na huenda siku ya kulipa asilipe aliyekiacha. Kukata kadi, wanangu, si kukata deni.