Sange Aingia Kikosi cha Radi

"Nawaletea ngano!"
"Itwange, tuipepete!"
"Ikiwa na mawe?"
"Tutachambua!"

Basi, alikuwako Sange, kinyama kidogo kama panya, pua ndefu, miguu kama njiti. Alitaka kitu kimoja tu: kuingia Kikosi cha Radi, polisi wa msituni wanaookoa mateka. Mwaka uliopita fisi majambazi walimfunga mama yake kamba pangoni, wakaziba mlango kwa mawe, ukabaki ufa tu. Kikosi kilifika, lakini askari wote walikuwa wanene kuliko ule ufa. Mama alikaa siku tatu gizani. Alipotoka, miguu haikumbeba tena.

Siku ya usaili mama alimpa kibuyu cha asali.

"Wakikucheka, mwanangu?"

"Watacheka, mama. Mimi nitakuwa naingia."

Mama akamlamba vumbi usoni, akamwacha aende.

Mkufunzi alikuwa Afande Nyegere, mwenye nguvu, mroho wa asali. Kila mwombaji alimletea asali kwa siri, naye kila mwombaji alimfelisha, ili mwakani arudi na nyingine. Mtihani ulikuwa mmoja. Mzee Kobe aliwekwa pangoni kama mateka, Nyegere akalinda mlango. Mkuu wa kikosi, Mama Tembo, akatangaza:

"Atakayefanya Kobe afike hapa uwanjani kabla ya adhuhuri, amepita!"

Akaenda Nyati, vu! vu! vu! Nyegere akamng'ata mguu, Nyati akarudi akichechemea. Akaenda Chui, nyatu, nyatu, nyatu. Nyegere akamng'ata mkia, Chui akarudi akilia. Akaenda Sange, titi, titi, titi, mikono mitupu.

"Asali yangu iko wapi?" Nyegere akanguruma.

Moyo wa Sange ukapiga du-du-du. Akaikumbuka ile miguu ya mama yake, akasimama imara.

"Shikamoo, afande. Kibuyu kimejaa hadi shingoni. Nimekificha kichakani, pembeni ya uwanja. Ila Nyati na Chui wako palepale, na wana njaa."

"Nikiondoka utamtoa Kobe!"

"Mimi, afande? Kobe ni mzito kuliko ukoo wetu mzima. Kama huniamini, mbebe uende naye."

Nyegere akacheka, kwa! kwa! kwa! "Kumbe huna akili!"

Akambeba Kobe mgongoni, mbio. Sange alitangulia akiondoa miiba njiani.

"Umekaa vizuri, mzee?"

"Vizuri, mjukuu wangu."

Uwanjani, puu! Nyegere akamtua Kobe, akakichomoa kibuyu kichakani, akatumbukiza pua ndani.

"Kobe amefika," Mama Tembo akasema, "na adhuhuri bado. Sange, umepita."

Nyegere akainua pua, asali inamchuruzika. Akawatazama Nyati na Chui. "Hata asali yetu aliila, kisha akatufelisha!" wakasema. Mama Tembo akamvua ukufunzi palepale.

Sange akamsogelea taratibu.

"Afande, mgongo wako ni imara. Mama yangu hawezi kutembea, na nitakula kiapo cha uaskari kabla ya jua kuchwa. Nisaidie kumleta."

Nyegere akafuta pua. Akaenda, akarudi polepole, mama Sange akiwa amejilaza mgongoni kwake kama kitandani.

Bereti aliyovishwa ilikuwa kubwa, ikamfunika Sange macho yote mawili. Mama akainyanyua kwa pua yake.

"Hebu nimwone askari wangu," akasema, akalia.

Funzo, wanangu: usimbebe mzee mgongoni hata siku moja. Utapoteza cheo!

Nami nilipita hapo nikalambishwa kidole kimoja. Utamu nimewaachia ninyi, mnato umebaki kwangu.