Kitanda cha Bi Mishi

Alikuwapo sultani mwadilifu, Shekuwe bin Madi, aliyetawala mji wa Mwanandege, mji wa nyumba za mawe zilizobanana bega kwa bega; na mila ya mji ilikuwa kwamba nikaha haifungwi mpaka sultani mwenyewe aingie nyumbani kwa bwana harusi na aonyeshwe pahala pa kulala kila atakayekaa humo, na akikosa pahala hata mmoja, basi harusi haipo.

Na katika mji huo alikuwapo mfumaji jina lake Badi, mwenye nyumba ya vyumba viwili, na mtambo wake wa kufumia umeketi katikati ya chumba kama mgeni asiyejua kuaga. Naye alimpenda binti aitwaye Mwanasiti mapenzi ya kukosesha usingizi, na Mwanasiti akampenda vivyo hivyo; ila binti huyo alikuwa na mama kipofu, Bi Mishi.

"Badi, mimi ni wako," Mwanasiti alimwambia, "lakini asipopata mama yangu pa kulala, nami sina pa kulala kwako."

Badi akapima, akasukuma makasha, akapima tena, na chumba kikabaki kile kile. Akaitoa pete ya babu yake, aliyoambiwa asiiguse ila kwa dhiki, akaisugua. Na mara akatokea jini, amejikunja shingo kwa ufupi wa dari.

"Labeka, ee bwana wangu. Mimi ni Tarhushi, mtumishi wa pete. Nitakutimizia haja mbili, kisha niko huru."

"Ipanue nyumba yangu," akasema Badi.

Na papo hapo, ilhali kwa nje nyumba ni ile ile, kuta za ndani zikarudi nyuma, na zikafunguka kumbi ndani ya kumbi; na Badi kwa furaha akapeleka habari kwa sultani kwamba aje kesho, akamleta Bi Mishi akimshika mkono, akampa chumba cha fahari kupita vyote.

Alasiri Mwanasiti alikuja kumwamkia mama yake, na chumbani hayumo. Wakamtafuta ukumbi hadi ukumbi wakiita, wakamkuta ameketi sakafuni, kiatu kimoja kimempotea, na uso umelowa machozi.

"Mwanangu Badi, usidhani sina shukrani," alisema. "Kwangu nikinyoosha mkono huu nagusa mtungi, nikinyoosha huu namgusa Mwanasiti. Humu nimenyoosha mikono tangu adhuhuri, sijagusa mtu."

Badi aliona haya hata akalia naye. Akamwambia jini airudishe nyumba ilivyokuwa.

"Ndiyo haja yako ya mwisho, bwana wangu, na sultani yuaja kesho."

"Irudishe."

Nyumba ikarudi na ufinyu wake wote. Badi akasema, "Mama, niambie wewe ikae vipi," na Bi Mishi akaipapasa ukuta kwa ukuta.

"Mlango huu unafungukia ndani, umekula pembe nzima. Ufungukie uani. Kitanda cha maarusi kipe miguu mirefu, makasha yalale chini yake, na vyombo viingie vidakani, kwani vidaka vilichongwa ukutani vya nini? Mtambo usogee dirishani, ufume kwa mwanga. Na pembe ya mlango," sauti ikamtetemeka, "itanitosha mimi."

Tarhushi aliyekwisha kuwa huru ndiye aliyenyanyua kitanda.

"Mbona huendi zako?" akauliza Badi.

"Niende wapi, bwana wangu? Nimekaa peteni maisha yangu yote, na dunia ni pana mno."

Bi Mishi akacheka, akamfutia vumbi kidaka cha juu.

Sultani alipokuja alionyeshwa pahala pa kila mmoja, akaketi kitandani pa Bi Mishi, na kutoka pale akasikia mtambo ukigonga, na Mwanasiti akiimba uani.

"Mama yangu ana chumba cha dhahabu mwisho wa kasri," alisema, "na mimi humwona siku ya Idi."

Basi akaifungisha nikaha, akamjaza Badi mali, akamfanya msimamizi wa majumba yake. Na kazi ya kwanza ya Badi ilikuwa kukihamisha kitanda cha mama yake sultani, kikaja kuegemea ukuta wa chumba cha mwanawe. Asubuhi yake bibi yule akanyoosha mkono, akagonga ukuta, na upande wa pili sultani akaitika, "Labeka, mama."

Anayepanga nyumba na aanze na watu, makasha yatajipatia pahala. Nami nimefika mlangoni, natoka.