Samaki wa Mama Yoakimu

Mdomo uliponza kichwa. Methali hii haihitaji mwalimu wa kuifafanua. Mdomo ni kitu kidogo, umekaa chini ya pua, hauna miguu wala magurudumu. Lakini neno likishatoka humo hufika mahali ambapo mwenye mdomo hajawahi kufika. Na siku fimbo inaporudi haiutafuti mdomo, inakitafuta kichwa. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Anselmi wa Bagara, mjini Babati.

Anselmi alikuwa wakala wa tiketi pale stendi. Katika ujana wake alikuwa utingo wa malori, akala katika kila kibanda kilichopo kati ya Singida na Namanga, na tumbo lake likawa limesafiri kuliko watu wengi. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa. Abiria walikuwa hawamuulizi gari linaondoka saa ngapi kabla hawajamuuliza wale wapi.

"Kaka, hapa Babati mtu anakula wapi?"

"Inategemea tumbo lako limezaliwa wapi," Anselmi alijibu, huku akijiweka sawa kama mtu anayetaka kuhubiri. "Ukitaka kuku, vumilia njaa mpaka Singida, maana hapa utatafuna jogoo aliyekufa kwa uzee. Ukitaka wali, uliza kwanza kama ni mchele wa Magugu. Wasipojibu haraka, inuka. Nyama choma ngoja siku ya mnada, uwaone Wamasai wanavyomheshimu mbuzi. Ila samaki, ndugu yangu, samaki ni kwa Mama Yoakimu. Usipoteze muda kwingine."

Watu walicheka, kisha wakaenda walikoelekezwa. Mgahawa aliousifia ukajaa, na ule alioukunjia pua ukabaki na nzi wake.

Mama Yoakimu, jina lake Kandida, alikuwa mjane aliyeteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu akiwa na sufuria zake na wanawe. Alipika perege na kambale wa ziwani, ugali laini, na mlenda unaoteleza wenyewe. Kila mchana alimfichia Anselmi supu ya kichwa cha kambale, akaifunika kwa sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya Anselmi mbele ya mji mzima.

Basi mchana mmoja Anselmi alichelewa kwa sababu ya basi lililoharibika. Alipoingia, alikuta dereva mmoja mgeni anafyonza mifupa ya kile kichwa, macho ameyafumba kwa utamu.

"Nisamehe, baba," Kandida alisema huku akifuta mikono kwenye kanga. "Nilidhani leo huji. Kaa nikupe mkia, umenona."

"Mkia!" Muzamil, wakala mwenzake, alipiga meza kwa kicheko. "Jamani, mheshimiwa leo anapewa mkia!"

Mgahawa mzima ulicheka. Anselmi naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Aliondoka hajala, na hasira ikamkaa kooni kama mwiba wa perege.

Kesho yake abiria wa Mutuka na Sigino waliokuwa wakisubiri gari walimuuliza swali lile lile la siku zote. Anselmi alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Kokote mnakotaka, ila si kwa Mama Yoakimu. Wale samaki wake siku hizi hawavuliwi. Wanaokotwa wakiwa wanaelea, wamekufa wenyewe."

Abiria walishika midomo. Mmoja akasema, "Mungu wangu, na mimi juzi nilikula pale!" Anselmi aliona namna walivyoduwaa, na kwa kitambo kidogo roho yake ikaburudika. Muzamil alikuwa karibu. Alimtazama mwenzake bila kucheka.

"Bwana wee, hilo neno umelitoa wapi?"

"Utani tu. Kesho watakuwa wamesahau."

Hawakusahau. Neno lilipanda gari pamoja nao. Lilipofika Mutuka, samaki walikuwa wameoza. Lilipovuka Sigino, walikuwa wamewekewa dawa ya kuhifadhia maiti. Liliporudi mjini lilikuwa na meno na kucha, na hata Anselmi mwenyewe alipolisikia sokoni hakulitambua kuwa ni mtoto wake. Ikatokea mzee mmoja aliyekula pale akaugua tumbo, ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, watu wakasema, "Mmeona?" Bwana afya akaja, akapima, akaondoka bila kuona kosa. Lakini nani anasikiliza bwana afya wakati jirani ana habari tamu zaidi? Benchi za Kandida zikabaki tupu. Moto ukazimika. Watoto wake wakaanza kuonekana mchana wakizungukazunguka nyumba za watu wakati wa chakula, wakijifanya wanacheza.

Nyumbani kwa Anselmi, mkewe Jenifa alilia. Jenifa alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ilikuwa imefika mbali kuliko zile. Wote wawili walitembea na matumaini yao kama watu wanaobeba yai kwenye kijiko. Katika miezi ya mwanzo, tumbo la Jenifa lilipokataa kila kitu, mchuzi wa Mama Yoakimu ndio pekee uliokubali kukaa.

"Yule mama amenilea kama mdogo wake," alisema. "Nikimjua huyo aliyemzushia, nitamtafuna mbichi."

"Jeni..." Anselmi alianza.

"Nini?"

"Hamna. Usijichoshe."

Ndipo ikaja habari iliyomtoa jasho jembamba. Bibi Anjela, mama mzazi wa Kandida, alikuwa ameteremka kutoka kwa ndugu zake huko Sigino, na alikuwa ameita watu wa mtaa wakutane kesho yake mchana. Kwa wazee waliotoka nyanda za juu, kosa lisilo na mwenyewe halikuachwa lilale. Majirani waliitwa, wake kwa waume, wakaketi pamoja. Mzee alishika kibuyu cha maji, akatamka laana juu ya aliyetenda, na wote wakaitikia kwa sauti moja: "Na iwe." Mwenye kosa akijitokeza kabla maji hayajamwagwa, alitoa mbuzi, watu wakala, yakaisha. Lakini maji yakishamwagwa chini, hata mzee aliyeitamka laana hakuweza kuirudisha. Na asiyehudhuria alikuwa amejitaja mwenyewe.

Asubuhi Anselmi alimfuata Muzamil.

"Ndugu yangu, hivi mambo ya kizamani kama haya yana nguvu kweli? Sisi wengine ni Wakatoliki."

"Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu," Muzamil alisema polepole. "Hayo ya Wambulu siyajui. Lakini mimi nilikusikia, na mwenye masikio naye ana mzigo. Sitakutaja. Nenda kaseme mwenyewe, mchana haujafika."

"Nikisema, nani ataniuliza tena hapa stendi? Na mke wangu atanitazamaje?"

"Kwa hiyo unaogopa macho ya mkeo kuliko hayo maji?"

Anselmi aligeuka akaondoka. Alikuwa anayaogopa yote mawili, na hofu mbili zikikaa katika moyo mmoja hazimwachi mtu nafasi ya kupumua.

Mchana ulifika. Watu walijaa uani nyuma ya mgahawa. Mafiga yalikuwa ya baridi, majivu yake meupe, na sufuria zilizozoeleka kuchemka zilikuwa zimefudikizwa chini mdomo ukitazama ardhi. Mbele ya mafiga aliketi Bibi Anjela, mdogo wa umbo, mgolole umemfunika mabega, kibuyu cha maji mapajani.

"Shikamoo, bibi," Anselmi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mume wa Jenifa? Karibu. Keti karibu na mkeo."

Aliketi. Alitamani ardhi ipasuke. Akajaribu njia ya mwisho.

"Bibi, mimi naona... padri atasemaje tukifanya haya?"

"Padri nimemwona," Bibi Anjela alijibu. "Amenikataza. Nikamwambia basi leo mchana asinitafute." Wachache walicheka, naye akawangoja wanyamaze. "Wajukuu zangu wamelala njaa kwa neno la mtu. Simjui. Lakini mdomo unajijua. Kama upo hapa, ufunguke sasa. Sina kinyongo naye kabla ya maji."

Anselmi alisikia damu ikipiga masikioni kama mashine ya kusaga. Ulimi wake, uliozoea kumeza miji mizima kwa maneno, ulikuwa umekauka ukashikamana na kaakaa. Sema, alijiambia. Sema sasa. Aliinua uso, akakutana na macho ya Kandida, yaliyokuwa yamevimba. Akainamisha uso tena.

"Haya," alisema Bibi Anjela, akaziba kibuyu kwa kidole gumba na kukiinamisha. "Aliyelisema neno hili, chakula kimkatae mdomoni."

"Na iwe!"

Anselmi aliitikia pamoja nao. Midomo ilitingishika yenyewe.

"Akifika penye watu, watu wainuke."

"Na iwe!"

Kamasi na jasho vilimchuruzika asijue kipi ni kipi. Maneno tu, alijiambia. Ni maneno tu. Lakini hapohapo akakumbuka kwamba hata lile la stendi lilikuwa maneno tu, na tazama mafiga haya.

Bibi Anjela aliwatazama wote kwa zamu, kisha akatazama kibuyu chake. Sauti yake ilishuka.

"Na mlangoni kwake pasisikike kilio cha mtoto mchanga."

Anselmi alisikia pumzi ikivutwa ubavuni mwake. Alikuwa ni Jenifa. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo, na kifua kimejaa uchungu wa rafiki yake. Aliifungua midomo yake aitikie kwa nguvu kuliko watu wote, ailaani nyumba asiyoijua kuwa ni yake.

"Na i..."

Mkono wa Anselmi uliruka. Ulimfunika mkewe mdomo, ukamkandamiza, kichwa chake kikaegemea nyuma. Sauti za wengine zilimalizia "iwe" kwa unyonge, moja moja, kama matone ya mwisho ya mvua, kisha zikakatika.

Kila jicho lilikuwa juu ya mkono ule. Jenifa aliutazama naye, macho yamemtoka kwa mshangao. Halafu mshangao ukaondoka, akaelewa. Akaushika ule mkono kwa vidole viwili, akauondoa mdomoni kama mtu anayetoa mdudu.

"Ni wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilitania, Jeni. Niliudhika tu. Nilinyimwa kichwa cha samaki."

"Kichwa cha samaki," Jenifa alirudia.

Kandida aliziba uso kwa kanga. Anselmi alitambaa kwa magoti mpaka kwenye mafiga, akapiga paji la uso kwenye majivu. "Nimesema mimi! Bibi, ni mimi! Mama Yoakimu, ni mimi! Nitatoa mbuzi, nitatoa ng'ombe! Nitasimama stendi niwaambie wote, gari moja baada ya jingine! Maji hayajamwagika, bibi, si hayajamwagika?"

Bibi Anjela alikiinua kibuyu polepole, gumba likiwa bado limeziba.

"Hayajamwagika," alisema.

Anselmi alilia kwa sauti. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Alikuwa anamtazama Jenifa, na katika uso ule wa kizee palikuwa na kitu ambacho watu hawakukizoea. Palikuwa na hofu.

"Mwanangu, ulikuwa umeshatamka?"

"Nusu," Jenifa alisema. "Nilitamka nusu, bibi. Nusu inahesabika?"

Watu walimsogelea mzee wasikie. Yeye akatingisha kichwa.

"Nimekaa katika mikutano hii tangu nikiwa msichana. Nimeona watu wakisema kabla ya maji, nimeona watu wakinyamaza wakapotea. Sijawahi kuona mtu akifunika mdomo wa mkewe. Sijui, mwanangu. Hilo silijui."

Mbuzi alichinjwa, watu wakala, ila nyama haikuwa na ladha. Moto wa Kandida ukawashwa tena. Anselmi alitimiza alilosema. Alisimama stendi akautangaza uongo wake kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia majina ya miji, na wateja wakarudi kidogo kidogo. Siku hizi abiria akimuuliza wapi kuna chakula kizuri, humwelekeza kwa Muzamil kwa kidole, bila neno. Jenifa alihamia kwa Mama Yoakimu, asubiri siku zake za kujifungua huko. Kila jioni Anselmi husimama ng'ambo ya barabara, hathubutu kuingia, anatega sikio apate kusikia kilio cha mtoto. Mpaka leo anatega. Kuna jioni mbwa akilia anaruka, kuna jioni upepo wa mlima Kwaraa ukipita anajishika kifua. Hakuna mtu aliyemfunga, hakuna aliyempiga, wala maji hayakumwagwa. Ila alichelewa kuujua mdomo uliostahili kuzibwa, akauziba wa mwingine.

Kweli waliosema hawakukosea: mdomo uliponza kichwa.