Ratiba ya Mwalimu Senkondo na Ndege wa Mashimboni

"Saa haipangwi bila kuuliza ndege." Shangazi Nakijwa, aliyefika kikao kikikaribia kwisha, aliyasema hayo mbele ya kamati ya harusi, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Vijana wakacheka. Elifuraha, katibu wa kamati, ambaye ndiye aliyepanga vikao vyote viwe Jumamosi asubuhi, alicheka kuliko wote. Kikao kilipokwisha, yeye na wenzake walimfuata Bibi Nazieli jikoni, alikokuwa anapeta mchele, wakamuuliza ndege wanahusikaje na harusi.

Bibi hakuinua macho kwenye ungo. "Mnaucheka msemo msiojua ulikotoka. Haya, kaeni. Tena kaeni kweli, si kuchutama kama mtu anayesubiri kuitwa. Methali hii haikuzaliwa harusini. Ilizaliwa kwenye mpira, na ilizaliwa hivi."

Hapa hapa Mashimboni, kwenye tambarare hii ya mpunga chini ya milima ya Upare, palikuwa na mwalimu wa jiografia aliyeitwa Senkondo. Alikuwa mtu wa mlimani, kwenye migomba na tangawizi, akaletwa huku chini na uhamisho. Mtu huyu hakujua kukaa. Akifundisha, anatembea. Akila, anasimama. Kikao cha walimu kikirefuka kidogo, utamwona yuko dirishani anagongagonga kioo kwa kalamu. Lakini kwa kupanga ratiba hakuwa na mfano. Tangu aanze kupanga vipindi vya shule, walimu wawili hawakugongana mlangoni hata siku moja, na alipenda kusifiwa kwa jambo hilo.

Ndiye pia aliyekuwa kocha. Mwaka uliotangulia timu yake ilipanda mlimani kucheza na shule ya kwao Senkondo, ikafungwa mabao saba. Kwao, jamani! Tangu siku hiyo, kila alipokwenda nyumbani kusali, watoto waliocheza nje ya kanisa walimwonyesha vidole saba kimyakimya, wakakimbia. Mkuu wa shule, Mama Mrindoko, naye alimwita ofisini akamwambia bila kuzungukazunguka: "Mwalimu, ukirudi tena na aibu kama ile, timu naivunja. Hao vijana bora washike vitabu." Kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita ilipofika, Senkondo hakupanda kwao. Alibaki bondeni ili awanoe vijana kabla ya mashindano kuanza.

Alipanga mazoezi kama ambavyo mtu yeyote mwenye busara angepanga: alfajiri, jua halijachomoza, na jioni, jua likipoa. Mchana wapumzike. Nani angemlaumu? Huku bondeni mchana ni tanuri. Akaiandika ratiba kwa kalamu nyekundu, akaibandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mahali ambapo kila nyumba hupita.

Asubuhi ya kwanza alifika uwanjani na filimbi shingoni. Akapuliza. Akatokea kipa peke yake, mtoto wa fundi cherehani, ambaye kwao hawakulima. Wakapigiana mpira wawili hao mpaka jua likawachoma. Jioni, kipa yule yule.

Senkondo akawawinda vijana mchana, mmoja mmoja, dukani na njiani. Mmoja alikuwa na jino. Mwingine alitumwa na bibi yake. Wa tatu alisema amefiwa, na alipoulizwa amefiwa na nani, akasema atauliza nyumbani. Nahodha wao alikuwa Kiondo, kijana mrefu wa kidato cha tatu, mwenye mguu wa kushoto ambao Senkondo aliuombea kwa Mungu kuliko alivyojiombea mwenyewe. Huyo alikuna kichwa.

"Mwalimu, asubuhi ni ngumu."

"Ngumu kwa nani?"

"Kwa... watu."

"Na jioni?"

"Jioni nayo ni ngumu, Mwalimu."

"Basi sema wewe ni mvivu, tuelewane."

Kiondo akainamisha kichwa. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, lakini haya ilimfunga. Mpunga ulikuwa umefika kwenye maziwa, punje bado laini, na huo ndio wakati wa kwelea kwelea, ndege wadogo wala nafaka. Hutoka kwenye matete makundi kwa makundi, kunapopambazuka na tena jioni kabla ya kulala. Mchana, jua likiwa kali, hujificha kivulini kama sisi. Miaka yote kuamia ndege ilikuwa kazi ya watoto wadogo. Wanapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti shambani, wanapiga makopo na mayowe, ndege wanahama. Mwaka ule ndege walikuwa wengi kupita kiasi, sauti za watoto hazikuwatisha, na wazazi wakawatoa vijana wakubwa. Sasa kijana aliyeanza kuota ndevu, nahodha wa timu, aseme hadharani kwamba anashinda juu ya dungu anapiga kopo? Huku kwetu kijana kama huyo aliitwa yaya wa ndege. Heri aitwe mvivu.

Na Senkondo angejuaje? Majaruba ya mpunga yako ng'ambo ya mfereji, na yeye hakuwahi kuwa na sababu ya kuvuka. Mlimani kwao ndege anakula mapapai mawili matatu, anashukuru, anaondoka.

Basi akaanza kuisogeza saa. Akawahisha asubuhi kidogo, akachelewesha jioni kidogo. Hakuna mtu. Akachelewesha asubuhi, akawahisha jioni. Hakuna mtu. Kila alipobadilisha alibandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani, mpaka ukuta wa mashine ukanenepa, na wanawake waliokuja kusaga wakawa wanaulizana, "Leo mwalimu kasemaje?" Mashindano yalikuwa yanakuja mbio, na yeye hakuwa na timu, alikuwa na kipa. Alikuwa akizunguka chumbani, anatoka nje, anatazama njia ya mlimani, anarudi ndani, anatoka tena.

Siku moja jua likiwa utosini, akielekea dukani kununua sukari, alisikia vishindo nyuma ya ghala la mpunga. Akachungulia. Timu yake yote ilikuwa pale, miguu peku, inacheza mpira wa matambara kwenye vumbi. Walikuwa wanapasiana vizuri kuliko alivyowahi kuwaona, na Kiondo ndiye aliyekuwa anawapanga. Mtu mtulivu angesimama akajiuliza: hawa wanaougua asubuhi na jioni, mbona mchana ni wazima? Senkondo hakujiuliza. Aliona dharau tu.

"Kumbe!" alifoka. "Asubuhi meno, jioni misiba, mchana mmepona? Kesho alfajiri, asiyekuwepo uwanjani alete jezi. Na wewe Kiondo, ukikosa, unahodha nampa kipa."

"Mwalimu, naomba nikueleze..."

"Utanieleza kesho, ukiwa umevaa viatu."

Kesho yake wakaja wote. Senkondo aliwaona wakitokea kwenye umande, mmoja baada ya mwingine, na moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze. Hata aliacha kutembea. Alisimama pembeni amekunja mikono, akitabasamu peke yake. Lakini vijana hawakutulia. Anayepokea mpira anatazama juu. Anayetoa mpira anatazama juu. Mbio zao zilikuwa za mtu aliyeacha chungu motoni.

Kulipoanza kupambazuka, kitu kikainuka kutoka kwenye matete, cheusi, kinajikunja na kujikunjua. Senkondo alidhani ni moshi. Kutoka ng'ambo ya mfereji makopo yakaanza kulia, kisha mayowe ya watoto, kisha sauti ya mwanamke mmoja ikazidi zote. Wakati huo mpira ulikuwa unakuja kwa Kiondo, mpira mzuri, goli liko wazi. Ukampita miguuni asiutazame. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Kiondo! Rudi!"

Filimbi ikalia, na hakuna aliyeisikia. Timu nzima ilikuwa inakimbia, kipa naye. Senkondo akawafuata, akavuka mfereji kwa mara ya kwanza, viatu vikajaa maji.

Mama yake Kiondo alikuwa mjane, na jaruba lake lilikuwa la mwisho kabisa, kando ya matete, pale ndege wanapotua kwanza. Kwenye dungu alibaki binti yake mdogo tu, sauti imemkauka. Kundi lilipoinuka kwenda kwa jirani, upepo wa mabawa ulimpiga Senkondo usoni. Kisha akauona mpunga. Suke lililojaa huinama. Masuke yale yalikuwa yamesimama wima, jaruba zima, mepesi.

Mama Kiondo hakuwa anapiga mayowe tena. Alikuwa ameshika kopo tu.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza mwanawe.

Kiondo akajifunika uso kwa mikono. Alikuwa analia, kijana mkubwa vile, mbele ya wenzake, na hakuna aliyemcheka.

"Alikuwa kwangu, mama," Senkondo alisema. "Nilimwita mimi."

"Ulimwita saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na ndege wanakuja saa ngapi?"

Mwalimu wa jiografia akayatazama matete. "Sikujua," alisema.

"Hukujua. Uliuliza?"

"Sikuuliza." Akamgeukia Kiondo. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, Mwalimu. Halafu jana nilipotaka kukuambia, ukasema kesho."

Hapo ndipo mtu yule asiyejua kukaa alipokaa. Alikaa juu ya tuta, kwenye tope, filimbi inaning'inia, na hakuinuka mpaka jua likapanda. Uchungu alioupata ulikuwa mkubwa kuliko ule wa vidole saba, maana bao halipikwi, na mpunga ule ndio uliokuwa chakula cha nyumba ile mwaka mzima.

Jioni alimwendea mwenyekiti wa kijiji akamwomba apulize baragumu la msaragambo, lile linalowaita watu wote kwenye kazi ya pamoja. Watu wakakusanyika wakidhani mfereji umebomoka. Senkondo akasimama mbele yao.

"Mpunga wa Mama Kiondo nimeula mimi," alisema. "Naomba vijana wasilinde tena kila mmoja kwao. Walinde bonde zima kama timu, kuanzia kwenye matete, asubuhi na jioni, na mimi nitakuwa nao. Mchana, kama mtapenda, nipeni mimi."

Kulikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja alisema pole ya mwalimu haijazi ghala, na alisema kweli. Lakini kesho yake kulipopambazuka vijana walikuwa wamejipanga kando ya matete, na Senkondo juu ya dungu la Mama Kiondo. Ile filimbi iliyoshindwa kuwaita vijana, ndege waliiogopa ajabu. Vijana walikimbia juu ya matuta membamba huku na huko, na anayeteleza anaangukia majini, anacheka, anaendelea. Tangu nahodha apige kopo mbele ya watu wote, na mwalimu apulize filimbi juu ya dungu, jina la yaya wa ndege likakosa wa kubandikwa. Mchana, jua lile lile la tanuri, wakacheza mpira.

Wakati wa mavuno wapo waliomchangia Mama Kiondo, Senkondo akiwa wa kwanza. Na wapo waliogeuza uso. Watu ndivyo walivyo. Mama mwenyewe alipokea bila maneno mengi, na kwa muda mrefu salamu yake kwa mwalimu ilikuwa fupi.

Mechi na watu wa mlimani ilichezwa hapa bondeni, na mwenyeji ndiye anayepanga saa. Senkondo akapanga saa nane mchana. Vijana wa mlimani walitufunga mapema, lakini kipindi cha pili ndimi zilikuwa nje, wanaomba maji kila mpira ukitoka, na mguu wa kushoto wa Kiondo ukasawazisha. Sare, bao moja kwa moja. Mama Mrindoko alisema "Haya" tu, na habari ya kuvunja timu haikusikika tena. Senkondo alipopanda kwao kusali, watoto wa nje ya kanisa walimwonyesha kidole kimoja mkono huu na kimoja mkono ule, na safari hii hawakukimbia.

Mwaka uliofuata, kabla ya likizo, aliitisha kikao cha wazazi. Akashika chaki, akageukia ubao, akaanza kuandika "Asubuhi". Kutoka nyuma kabisa sauti ya mwanamke ikasema:

"Mwalimu, umewauliza ndege?"

Alikuwa Mama Kiondo, na alikuwa anacheka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Senkondo akaifuta ile asubuhi kwa kiganja, akaweka chaki mezani, akavuta kiti, akakaa. "Bado, mama," alisema. "Ndiyo maana nimewaita."

Bibi Nazieli alitupa makapi nje, akauweka ungo chini. Elifuraha alikuwa anajikuna shingo.

"Bibi," alisema, "Shangazi Nakijwa Jumamosi asubuhi huwa wapi?"

"Gulioni, anauza nyanya. Tangu wewe hujazaliwa. Na nusu ya wanawake wa kamati yenu wako naye, ndiyo maana mnaona viti vitupu mkadhani hawaijali harusi."

"Na gulio linavunjika saa ngapi?"

"Mimi ni ndege?" Bibi alisema. "Nenda ukamuulize."

Elifuraha akainuka, akavaa ndala zake. Mlangoni akasimama, akayasema polepole maneno aliyoyacheka mchana ule: saa haipangwi bila kuuliza ndege. Kisha akashika njia ya kwa shangazi yake.