Utepe wa Yule Mama

Umejikata kidole, umefika hospitali, umemkuta mama aliyetobolewa tumbo na kipande cha bomu. Nani aingie kwanza? Mmejibu haraka mno, na ndiyo maana siwaamini.

Katika nchi moja yenye vita kulikuwa na hema la wagonjwa. Daktari wa upasuaji mmoja, meza moja, majeruhi arobaini chini kwenye mikeka. Nesi alipita akiwafunga tepe mkononi. Wa kijani: huyu anaweza kusubiri. Mwekundu: huyu akisubiri anakufa. Yule mama wa tumbo lililotobolewa alikuwa humo, hana fahamu; alifungwa mwekundu. Jirani yake, mzee wa kanisa mwenye kidole kilichochanika, alifungwa wa kijani. Nesi akaendelea na wengine.

Wabeba machela walipofika walimkuta mzee amepiga magoti, anamwombea yule mama kwa sauti ya kutikisa hema.

"Vijana, hamna huruma? Dada yetu huyu mnamwacha hivi hivi?"

"Mzee, huyu ana wa kijani. Mwenye mwekundu ni wewe. Panda."

Akapanda. Tena akapanda huku anaomba.

Daktari akakitazama kidole. Akautazama utepe.

"Mzee, utepe huu umeganda damu, na mkono wako ni mkavu. Damu hii ya nani?"

Mzee akafumba macho, kama mtu aliyezama katika sala.

Mnacheka? Chekeni. Wale waliokimbia vita, wanaolala kwenye uwanja wa shule yetu, tumewaombea Jumapili tatu, na machozi yametoka. Neti zao za msaada nazo nimeziona. Zimefunika mchicha kwenye bustani zetu. Watoto wao wanatetemeka kwa malaria, mchicha wetu hauna hata mbu mmoja. Na sisi, tukiulizwa, tunafumba macho na kusema tuombe. Nimechoka na maombi ya namna hii, ndugu zangu. Nadhani hata Mungu amechoka. Hakuulizi umelia kiasi gani. Anauliza kile ulichoshika ni cha nani.

Daktari akaweka mkasi chini.

"Mzee, sikuulizi ili nikuaibishe. Kuna mtu anaisha huko nje na mimi simjui. Sema upesi. Damu ya nani?"

Mzee akafumbua macho.

"Ya yule mama niliyekuwa namwombea. Nilimvua mimi."