Futi Nane za Sultani Feruzi

Palikuwa na kitabu, na nyuma ya kitabu palikuwa na sultani. Kitabu kilikuwa kinene. Sultani alikuwa mnene zaidi. Jina lake Feruzi, mtawala wa Chunguni, mji uliokaa juu ya mawe ya matumbawe, kisiwa kizima cha kuzunguka kwa punda kabla ya chakula cha mchana.

Mwishoni mwa mwaka mmoja Sultani Feruzi alikwenda kutembea nchi za mbali huko kaskazini. Wenzake wakirudi safari huleta vitambaa na manukato. Yeye alirudi na mafua na kitabu cha kanuni za kuzuia moto. Akakipandisha juu ya mto wa hariri, akatangaza: "Kuanzia leo hii ndiyo sheria ya mafuta ya Chunguni. Atakayegeuza hata nukta, jela!"

Sasa, mafuta ya Chunguni yote yalikuwa kwa mtu mmoja, Vuai fundi bomba. Ukubwa wake wote ulikuwa ulimi na pua. Tangi lake la petroli alilizika kwenye mwinuko nyuma ya ukuta wa kasri, na bomba likashuka chini kwa chini mpaka kwenye pampu ya barabarani. Kina chake futi tatu, ndani ya mchanga mkavu, mteremko mzuri. Mwisho wa mteremko alijenga kishimo chenye mfuniko. Bomba likivuja hata tone, litakwenda kishimoni. Kila alfajiri Vuai hufunua mfuniko, huingiza pua, hunusa, hufunika, ndipo anywe chai. Miaka kumi na tisa, na Chunguni haijaungua hata ukili wa mkeka.

Askari wakaja na kamba ya kupimia. Futi tatu! Kitabu kinataka nane. Vuai akapewa siku tatu: bomba liende futi nane, la sivyo pampu inachukuliwa na yeye anakwenda kulala jela.

Vuai akachimba. Alipofika futi ya nne, maji yakamkaribisha magotini. Akasimama humo akafikiri, maana alijua vizuri bomba hilo likizama litafanya nini. Siku ya tatu akaingia barazani na matope yake, beleshi begani, mji mzima nyuma yake.

"Fundi," akasema Sultani, "futi zangu nane ziko wapi?"

"Tatu ninazo, Maulana. Ya nne ina maji. Nne zilizobaki wanakaa samaki."

"Basi chimba humo humo majini!"

"Bomba la chuma nilitie majini, Maulana? Litakula kutu mpaka litoboke. Petroli itaelea, itaingia visimani. Na kisima cha kwanza kutoka pale ni chako. Utasukutua mdomo asubuhi, uwashe sigara yako, halafu sisi tuanze kukutafuta kwenye minazi."

Watu wakaziba midomo. Mmoja hakuwahi, akachekea puani.

"Kitabu hiki wamekiandika mainjinia ishirini!"

"Sibishi. Hata mmoja alikuja kuchimba Chunguni?"

"Na wewe badala ya mainjinia una nini?"

"Nina pua, Maulana."

"Usalama wa mji wangu niutie puani mwako?"

"Ushakaa humo miaka kumi na tisa. Na pua yangu haijapata kwenda safari ikarudi na mafua."

Sultani akapenga kamasi kwa hasira. "Kitabu hakibadilishwi! Hata nukta!"

"Hata kwa ajili yako?"

"Hata kwa ajili yangu!"

"Umesema mbele ya watu," akasema Vuai, akatua beleshi chini. "Basi naomba Karani Shaame atusomee. Mimi shule niliiacha darasa la pili, tena nilikuwa nakaa mlangoni."

Karani Shaame akavaa miwani, akafungua. "Kanuni ya saba. Bomba la mafuta lifukiwe futi nane, ili baridi ya ardhini isilipasue."

"Baridi?" akauliza Vuai.

"Sababu haikuhusu!" akafoka Sultani. "Wewe fuata futi!"

"Nafuata, Maulana. Karani, endelea mbele kidogo."

Karani akasoma ya nane, ya tisa, ya kumi. Akafika ya kumi na moja, akakohoa. Akamtazama Sultani. Akakohoa tena.

"Soma, bwana, usitutemee mate," akasema Vuai.

"Kanuni ya kumi na moja. Kila asubuhi ya mwezi wa Januari, mtawala wa mji, kwa mikono yake mwenyewe, ataondoa theluji juu ya mfuniko wa tangi, ili wazima moto wauone. Asiyefanya hivyo atafungwa siku thelathini."

Vuai akamgeukia Karani.

"Leo tarehe ngapi, Karani?"

"Kumi na saba. Januari."

Vuai akaliokota beleshi, akalifuta matope kwa kanzu yake, akampa Sultani kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Asubuhi kumi na saba zimekupita, Maulana. Mwinuko ule pale, nyuma ya ukuta wako. Nakuonyesha njia au unaijua?"

Sultani akasimama, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. "Una wazimu wewe! Theluji gani? Tangu kisiwa hiki kiumbwe haijaanguka hata punje! Hapa mtu analoa jasho akiwa amekaa! Baridi itoke wapi?"

"Baridi hakuna, Maulana?"

"Hakuna! Hakuna, hakuna, hakuna!"

"Sasa hilo bomba langu," akasema Vuai, "futi nane linakwenda kuikimbia baridi gani?"